Bhajia za viazi: tatizo liko kwenye ule uji wa unga

Mkuu, umesema unga wa bhajia zako unabanduka ndani ya karai, na zile zinazopona zinalegea kabla hazijafika mezani. Bila shaka unakoroga unga wa dengu na maji mpaka unakuwa uji, halafu unachovya viazi. Acha hayo maji. Hapa Nairobi bhajia za aina hii wengi wanaziita Maru, na Wahindi waliohama Kenya walizifikisha mpaka Wembley, London. Kinachoshikisha unga ni maji ya kiazi chenyewe.

Chukua viazi nusu kilo, menya, kata duara nyembamba za milimita 2 au 3. Vioshe, kisha vifute kwa kitambaa mpaka viache kuteleza mkononi. Kwenye bakuli pana vitie chumvi kijiko kidogo, thomu na tangawizi ya kuponda, pilipili mbichi, manjano kidogo, ndimu nusu, na dania usiifanyie ubahili. Changanya kwa mkono, viache dakika 5. Chumvi itavuta maji na utayaona chini ya bakuli. Sasa ndiyo unyunyize unga wa dengu kikombe kimoja na unga wa mchele vijiko viwili vikubwa. Huo wa mchele usiuruke, ndio unaozifanya zilie mdomoni. Geuza mpaka kila kipande kivae unga mzito wenye mabonge mabonge. Ukibaki mkavu kabisa, ongeza maji kijiko kimoja tu.

Kaanga papo hapo! Ukikawia, chumvi inaendelea kuvuta maji na unarudi kwenye uji ule ule.

Mafuta yawe mengi na moto wa wastani. Dondosha kibonge cha unga: kikizama kidogo, kikaibuka na mapovu bila kubadilika rangi mara moja, yako tayari. Tia kipande kimoja kimoja, na usijaze karai, maana mafuta yatapoa na bhajia zitayanywa. Zigeuze, na usikilize: kelele na mapovu yakipungua, maji yameisha ndani. Opoa, weka kwenye chujio au waya. Ukizirundika kwenye hotpoti ukafunika, mvuke wake wenyewe utazilegeza.

Kuhusu viazi: aina ya Shangi inayouzwa sokoni inatosha kabisa, ila usiviweke viazi kwenye friji. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo nje kunakuwa kahawia mapema na ndani bado kubichi.

Za kula nazo, mimi naparuza nyanya mbichi na karoti, naongeza dania, pilipili, ndimu na chumvi, bila kupika. Watu wa Mombasa watakwambia ukwaju, na kwa samaki wa kukaanga siwapingi.