Seva ya tovuti: chagua distro itakayodumu

Ndugu, umeuliza kama Fedora, mojawapo ya distro (aina za mfumo endeshi wa Linux), inafaa kwa seva ya tovuti za wateja wako, kwa kuwa programu zake ni mpya. Nakushauri usiiweke. Ni nzuri sana kwenye kompyuta ya kazi, lakini kila toleo hupata masasisho kwa takriban miezi 13 tu. Kila mwaka utalazimika kupandisha mfumo mzima huku tovuti za watu zikiwa hewani, na hapo ndipo mambo huharibika: toleo la PHP (lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi) linabadilika, programu-jalizi ya zamani inagoma, simu zinaanza kuita.

Kwanza amua kama utatumia paneli ya usimamizi, yaani ukurasa wa kuendesha seva kwa kubofya badala ya kuandika amri. Kama ni paneli ya cPanel, nenda kwenye distro ya AlmaLinux, ambayo kila toleo lake kuu hutunzwa miaka 10. Usiguse CentOS 7, distro ya zamani, hata ukikuta mwongozo mzuri unaoitumia. Masasisho yake yalikoma Juni 2024, na seva isiyozibwa matundu ya usalama ni hatari kwa kila aliyekuamini.

Kama unafanya kila kitu kwa amri, mimi ningechagua Debian. Ni nyepesi, haina makuu, na hutunzwa miaka 5 ukihesabu kipindi cha nyongeza. Ubuntu LTS (toleo la Ubuntu linalotunzwa kwa muda mrefu) nayo inafaa, hasa kama ndiyo uliyoizoea. Mazoea yana uzito kuliko watu wanavyodhani: tovuti ikizima saa nane usiku, utahitaji kujua faili la mipangilio liko wapi.

Kabla ya kuhamisha chochote, chukua nakala rudufu na ujaribu kuirejesha kwenye seva tupu.