Wasomaji Wanauliza: Nyimbo na Ukimya katika Ibada ya Marafiki (Waquaker)

SWALI: Ndugu Mhariri, nimelelewa katika Kanisa la Marafiki kule Vihiga, ambako Jumapili isiyo na kwaya tatu au nne haihesabiwi kuwa Jumapili. Tangu nilipokuja Uingereza kwa kazi ya uuguzi, nimekuwa nikiabudu na Marafiki wa huku. Tunaketi kwenye viti vilivyozunguka meza ndogo yenye maua, saa nzima, bila wimbo wala mahubiri, mpaka wazee wawili wapeane mikono kuashiria kwamba ibada imekwisha. Je, hii ni imani ileile niliyolelewa nayo? Na nikijiwa na wimbo moyoni katikati ya ukimya ule, naruhusiwa kuuimba? – Muuguzi, Birmingham

JIBU: Dada yetu, ni imani ileile, ila imekufikia kwa njia mbili zilizoachana zamani, na hapo zilipoachana ndipo penye jibu la swali lako.

Marafiki wa kwanza, ambao wengi huwajua kwa jina la Waquaker, walikusanyika kumzunguka George Fox kaskazini mwa Uingereza kuanzia mwaka 1652, nao hawakuuchukia wimbo wenyewe. Fox mwenyewe alipofungwa katika gereza la Carlisle mwaka 1653, mlinzi alimpiga kwa rungu naye akawa anaimba. Mlinzi akamleta mpiga fidla ili amnyamazishe, lakini Fox akazidi kuimba mpaka fidla ikamezwa na sauti yake. Msomaji wa Biblia atawakumbuka Paulo na Sila katika gereza la Filipi. Walichokikataa Marafiki hao ni wimbo uliopangwa, yaani kumwambia mtu kwamba sasa ni zamu ya kuimba, na kwamba maneno ya kuimba ni haya hapa, awe anayaamini au hayaamini.

Aliyeieleza hoja hiyo kwa ufasaha kuliko wote ni Robert Barclay, Mskoti aliyechapisha utetezi wake wa imani ya Marafiki kwa Kilatini mwaka 1676. Barclay anakubali waziwazi kwamba kuimba ni sehemu ya ibada, maadamu wimbo unatoka kwa Roho. Kinachomkera ni kusanyiko zima, walevi na wacha Mungu pamoja, kuvaa hali ya Daudi na kuimba zaburi ya 6 kwamba kila usiku wanalowesha vitanda vyao kwa machozi, au ya 22 kwamba mioyo yao imeyeyuka kama nta, ilhali kila mmoja wao anajua kwamba usiku uliopita alilala fofofo. Kwake yeye huo ni uongo unaosemwa mbele za Mungu, na utamu wa sauti hauupunguzii ubaya. Nakiri kwamba hoja hiyo hunichoma kila tunapofika kwenye sadaka, tukaimba kwa sauti nne kwamba tumempa Bwana vyote tulivyo navyo, huku mkono umo mfukoni ukipapasa sarafu iliyo ndogo kuliko zote.

Wapo waliolipeleka jambo hilo mbali zaidi. Solomon Eccles, mwanamuziki wa London aliyetoka katika ukoo wa wanamuziki, alipoingia kwa Marafiki alivibeba vyombo vyake na vitabu vyake vya muziki hadi Tower Hill akavichoma moto mbele ya watu. Kwa vizazi vingi baada yake, Marafiki wa Uingereza waliutazama muziki kwa jicho la mashaka hata majumbani mwao. Leo sivyo tena, kwani Marafiki wengi wa huko huimba katika kwaya za mjini na hufundisha watoto wao piano. Hapo hapo Birmingham, katika nyumba ya ibada ya Bournville, mtaa uliojengwa na familia ya Cadbury wa chokoleti, kuna kinanda kikubwa cha mabomba, jambo ambalo ni nadra sana kwa Marafiki wa Uingereza.

Njia ya pili ilipitia Marekani. Uamsho wa miaka ya 1860 na 1870 ulipoingia Indiana, Ohio na Iowa, mikutano mingi ya Marafiki ilianza kuajiri wachungaji, kuhubiri kwa ratiba na kuimba nyimbo za vitabuni. Huko ndiko walikotoka wamisionari Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Kwa hiyo usimkubalie mtu yeyote anayekudokezea, hata kwa upole, kwamba Marafiki wa Kenya, ambao kwa idadi wanazidi wale wa nchi nyingine yoyote duniani, waliuacha ukimya wa mababu. Nyimbo zilishuka pamoja na mizigo ya wamisionari. Kilichoongezwa na Waluhya ni mwitikio, mwendo na kayamba.

Ama kuhusu kuimba katikati ya ukimya, unaruhusiwa. Kama vile mtu anavyosimama na kusema neno alilopewa, ndivyo anavyoweza kuliimba. Subiri kwanza hadi uwe na hakika kwamba si hamu ya nyumbani peke yake inayokusukuma, ingawa hata hamu hiyo Mungu anaweza kuitumia; kisha simama, imba beti moja au mbili, uketi. Kwa Kiluhya pia yafaa. Usingoje makofi, na usivunjike moyo wasipoitikia kiitikio.

SWALI: Kamati ya kanisa letu imegawanyika. Vijana wanataka kuleta ngoma za isukuti ibadani, na baadhi ya wazee wanasema ngoma ni kinyume cha msimamo wa Marafiki. Ukweli ni upi? – Mzee wa kanisa, Kaunti ya Kakamega

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Tukiufuata msimamo wa zamani bila kupindisha, basi kinanda cha umeme kitatangulia ngoma kutoka nje, kwa sababu Barclay alivipinga vinanda vya makanisani akisema Agano Jipya halina mfano wake. Bado sijasikia kamati ikiketi kukijadili kinanda. Nadhani hofu ya wazee ina historia nyingine. Mwaka 1927 uamsho ulizuka Kaimosi, watu wakaungama dhambi hadharani na kunena kwa lugha. Viongozi wa misheni wakaukataa, na walioushikilia wakajikuta nje, wakaanzisha makanisa ya Roho Mtakatifu ambayo hadi leo hujulikana kwa ngoma zao. Tangu hapo, ngoma kwa wengine imekuwa alama ya wale waliotoka. Hiyo ni kumbukumbu ya ugomvi, si fundisho la imani. Ningewaomba vijana jambo moja tu: baada ya wimbo, ngoma inyamaze dakika tano kamili, bila kiongozi kushika kipaza sauti, ndipo neno lifuate. Wakikubali sharti hilo, sioni wazee wamebakiwa na pingamizi gani.

SWALI: Kuna wimbo wowote maarufu uliotungwa na Mquaker? – Mwalimu wa kwaya, Kitale

JIBU: Upo, na una kichekesho chake. John Greenleaf Whittier, mshairi wa Marekani na Rafiki wa ibada ya kimya, alichapisha mwaka 1872 shairi refu kuhusu makuhani wa India ya kale waliolewa kinywaji cha ibada kiitwacho soma ili wamwone Mungu, akiwafananisha na Wakristo wanaotafuta msisimko uleule kwa muziki na kelele. Beti za mwisho zinamwomba Bwana, Baba wa wanadamu, atusamehe upumbavu huo na kutupa utulivu. Mwaka 1884 mhariri mmoja wa Uingereza alizichukua beti hizo akazitia katika kitabu cha nyimbo, na sasa shairi linaloshuku kelele za ibada huimbwa na makusanyiko makubwa kwa tuni iliyotungwa na Hubert Parry. Whittier aliwahi kusema kwamba yeye hasa si mtunzi wa nyimbo, kwa kuwa muziki haujui. Ukiwafundisha wimbo huo wanakwaya wako, ubeti wa mwisho unataja sauti ndogo ya utulivu aliyoisikia Eliya. Tafadhali wazuie besi wasiupigie kelele.