Draiva ikikataa na -16, mtafute kwanza aliyeshika

Ukianza kuandika draiva (programu za kuendesha vifaa) za Linux, kosa litakalokutembelea mapema ni -16, yaani EBUSY: ulichoomba kimeshashikwa. Wengi wakiliona hurudi kwenye msimbo wao na kubadili mistari hovyo. Mara nyingi msimbo hauna neno. Mtafute kwanza aliyeshika.

Pa kumtafutia ni /proc/iomem, faili inayoorodhesha maeneo ya anwani na walioyashika. Isome kwa sudo, maana mtumiaji wa kawaida huoneshwa anwani zote zikiwa sifuri.

Tuchukue Raspberry Pi 4, ambayo wengi hujifunzia. Unataka kuwasha taa iliyoko GPIO 17 (moja ya pini za kuingizia na kutolea ishara) kwa draiva yako. Mwongozo wa chipu unakupa anwani 0x7e200000. Hiyo ni ya basi (njia ya data) la ndani, prosesa inaziona rejista hizo hizo za GPIO (vihifadhi vidogo vya kuendeshea chipu) kwenye 0xfe200000. Sawa, umerekebisha, unaita devm_ioremap_resource ili ulishike eneo hilo, unapigwa -16. Tazama /proc/iomem: mstari wa fe200000 una jina la gpio tayari. Mwenyewe ni pinctrl-bcm2835, draiva ya pini, aliyefika kabla yako.

Hapo ndipo watu huchukua njia ya panya. Ukiita ioremap peke yake itakubali, kwa kuwa haiulizi kama eneo lina mwenyewe. Taa itawaka, utafurahi. Lakini rejista ya GPFSEL1 inabeba kazi za pini 10 hadi 19, biti 3 kila moja, na pini 14 na 15 ndizo za konsoli ya siriali. Wewe unasoma, unabadili biti zako, unaandika. Mwenye rejista naye anafanya vivyo hivyo, ila ana kufuli lake ambalo wewe hulijui. Mkigongana, mmoja anaandika thamani ya zamani juu ya kazi ya mwenzake. Leo konsoli inanyamaza, kesho inasema, na huwezi kuirudia hitilafu hiyo kwa makusudi. Omba pini kwa devm_gpiod_get, mwenye rejista akuhudumie.

Kuna siku aliyeshika ni moduli yako ya jana, uliyoitoa kwa rmmod bila kuita release_mem_region ya kuachia eneo. Jina lililobaki linaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, kwa hiyo hata kusoma /proc/iomem kunaweza kuiangusha kerneli (kiini cha Linux). Washa mashine upya, kisha tumia tangu mwanzo familia ya devm_, inayoachia yenyewe draiva ikitoka. Sioni kwa nini mgeni ajisumbue kusafisha kwa mkono.

Kwa interapti (kifaa kumshtua prosesa kupitia laini yake), soma /proc/interrupts, na dmesg (ujumbe wa kerneli) ukitafuta "Flags mismatch". Maneno hayo hukutajia namba ya laini na majina ya wanaogombana. Laini ikitumiwa na wengi, kila mmoja lazima aombe kwa IRQF_SHARED na atoe dev_id (alama ya kumtambulisha) isiyo NULL, yaani isiyo tupu. Ukisahau dev_id utarudishiwa -22, yaani ombi batili. Na kifaa chako kisipokuwa ndicho kilichoita, rudisha IRQ_NONE (si yangu). Ukijibu IRQ_HANDLED (nimeshughulikia) kwa kila mwito, unaificha laini iliyoharibika, ambayo kerneli ingeifunga yenyewe kwa ujumbe wa "nobody cared".

Ukikuta -517, usiipige vita. Ni EPROBE_DEFER: saa (mapigo ya kuendeshea chipu) au umeme unaoutegemea bado haujaandaliwa. Irudishe kama ilivyo kupitia dev_err_probe, kerneli itakuita tena. Isipokuita, jina la kifaa chako liko /sys/kernel/debug/devices_deferred.