Programu ya kukagua nywila inakula memori yote ya seva

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja hapa Dodoma. Tuna seva ya Linux yenye barua pepe na mafaili ya wafanyakazi. Inayokagua nywila za watu ni programu ndogo ya lugha ya C, aliyoiandika kijana aliyekuwepo kabla yangu. Inauliza saraka ya LDAP, yaani daftari la pamoja la akaunti za wafanyakazi, ikiridhika inamruhusu mtu aingie. Miaka mitatu haikutusumbua. Tangu mwezi uliopita, tulipowataka wafanyakazi wote wabadilishe nywila, memori yake inapanda mpaka Linux yenyewe inaiua, na hakuna anayeweza kuingia. Naiwasha upya, siku mbili baadaye yale yale. Mafaili na soketi (miunganisho ya mtandao) inazofungua haviongezeki, nimehesabu. Bosi anasema tununue RAM. Nifanyeje?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. RAM msinunue. Mkiongeza maradufu, siku mbili zitakuwa nne, na pesa itakuwa imekwenda.

Lile la wafanyakazi kubadilisha nywila umelitaja kwa kupita tu, na mimi nimelisoma mara tatu. Siku ile mtu alibadilisha nywila kwenye kompyuta ya mezani, simu yake ikabaki na ya zamani. Simu haichoki kubisha hodi. Tuseme zipo 40, kila moja inajaribu mara moja kwa dakika: hayo ni majaribio 57,600 kwa siku, yote ya nywila isiyo sahihi. Kila jaribio likiacha nyuma baiti 2,048 tu, kwa siku zimeshikiliwa karibu baiti milioni 118. Kwako hesabu itatofautiana, ila sioni ajabu kwamba programu iliyotulia miaka mitatu imeanza kuanguka sasa. Kosa lilikuwemo siku zote. Lilikosa wateja.

Tatizo hili huitwa kuvuja kwa memori, na jina hilo huwapotosha vijana wengi. Simtanki likivuja, maji yanakwenda nje. Hapa hakuna kinachotoka. Fikiria shughuli ya harusi mtaani kwenu: sufuria zinaazimwa kwa majirani, kila moja ina alama ya rangi kitakoni ili ijulikane ni ya nani. Shughuli ikienda vizuri, kesho yake akina mama wanasugua masizi na kuzirudisha nyumba kwa nyumba. Sasa shughuli ivunjike katikati, watu watawanyike kwa hasira. Sufuria zinabaki uani, hakuna anayekumbuka kwamba zilikuwa za kuazima. Programu ya C ndivyo inavyofanya: inaazima kwa malloc, inapaswa kurudisha kwa free, na shughuli inayovunjika ni ile nywila isiyo sahihi.

Lakini usiniamini mimi, pima. Chukua mashine ya majaribio yenye saraka yake na akaunti ya majaribio, usiguse seva inayotumika. Tuma majaribio 10,000 yenye nywila sahihi, kisha soma mstari wa VmRSS, yaani memori inayoshikiliwa wakati huo, kwenye faili la status la programu hiyo ndani ya /proc. Tuma mengine 10,000 sahihi, soma tena. Halafu fanya hivyo hivyo kwa nywila isiyo sahihi. Kupanda mwanzoni kusikutishe, programu yoyote huchukua nafasi yake ikianza kazi. Unachotafuta ni kama elfu kumi za pili zimeongeza sawa na za kwanza. Zikiwa sahihi zimetulia na zisizo sahihi zinaendelea kupanda, umeshajua mlango wa kuingilia kwenye msimbo.

Mimi niliwahi kupoteza wiki mbili kwenye tatizo la jinsi hii, nikisoma njia ya mtu anayeingia salama, kwa sababu ndiyo ndefu. Nilikuja kulikuta kosa kwenye mstari mmoja wa return, amri ya kutoka kwenye fanksheni. Kwako angalia mfuatano huu: programu inamtafuta mtu kwa ldap_search_ext_s, inachukua jina lake kamili la saraka kwa ldap_get_dn, kisha inajaribu kuingia kwenye saraka (bind) kwa jina hilo na nywila aliyoleta. LDAP ikijibu 49, maana yake nywila si sahihi. Hapo mwandishi kijana huandika return papo hapo, na mistari ya ldap_msgfree na ldap_memfree, inayorudisha memori ya majibu na ya jina, iko chini zaidi, mahali ambapo mtu huyu hatafika kamwe. Soketi zako haziongezeki, kwa hiyo muunganisho unafungwa vizuri. Kinachobaki ni majibu. Na ujue jambo ambalo mwongozo wa OpenLDAP unalisema wazi: majibu ya ldap_search_ext_s yanapaswa kuachiliwa hata utafutaji wenyewe ukishindwa.

Tengeneza hivi: fanksheni iwe na njia moja tu ya kutokea, chini kabisa, na kila kushindwa kuelekezwe huko kwa goto, amri ya kuruka moja kwa moja hadi mstari mwingine. Wapo watakaokukataza goto. Kwa usafi wa namna hii katika C mimi naitetea bila kusita.

Ukitaka ushahidi wa mstari, jenga programu kwa alama ya -g, iendeshe chini ya Valgrind, chombo cha kusaka memori isiyorudishwa, kwa --leak-check=full, tuma nywila mia zisizo sahihi, kisha izime kwa kill ya kawaida. Usitumie kill -9, maana ripoti haitatoka. Itakwenda polepole mno, uwe na subira.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya memori. Kwenye hizo sufuria zilizosahauliwa huenda kuna nywila za watu, zikiwa wazi. Nakala ya nywila ikimaliza kazi ifute kwa explicit_bzero kabla ya free. Usitegemee memset, kompaila inaweza kuiona haina faida ikaiondoa. Nywila ya mwenzako ni amana, hata ile aliyoikosea herufi moja.

Wakati unatengeneza, weka MemoryMax (kikomo cha memori) na Restart=always kwenye huduma hiyo ndani ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ili ikijaa ianguke peke yake na kuamka yenyewe, barua pepe zisiguswe. Hizo simu ziache kwanza. Ukizinyamazisha leo, memori itatulia, bosi atafurahi, na kosa litalala mpaka mtu wa nje aje kubisha hodi kwa nywila za kubahatisha. Rekebisha msimbo, pima tena elfu kumi zako, ndipo utafute err=49 kwenye logi ya LDAP na kwenda meza kwa meza kuwasaidia wenye simu.