Kabla Hujaziba Paipu ya Briza, Tafuta Valvu Mpya Zaidi ya Kiwandani

Fundi akikuta oili imejaa kwenye paipu ya kuingizia hewa, au sili ya nyuma ya krankishafti inavuja, hapa Nairobi mara nyingi dawa yake ni moja kati ya mbili. Ya kwanza inahusu paipu ya briza, ile inayotoa gesi ndani ya injini: "Mzee, hii paipu ya briza tuitoe, tuielekeze chini, injini ipumue nje." Ya pili ni kuiziba kabisa kwa bolti na klampu. Nimefungua na kurudishia injini za kutosha, zangu na za jamaa, na nasema bila kusita kwamba dawa zote mbili hazina maana pale ambapo kiwanda chenyewe kimeshatengeneza valvu ya PCV (ile inayosimamia upumuaji huo wa injini) iliyo bora kuliko ile iliyokuja na gari. Kazi iliyobaki ni kuitafuta kwa namba yake.

Tuanze na kazi ya valvu hii. Pistoni haizibi silinda kabisa. Kila petroli inapowaka, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikiwa na mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua, na tindikali. Isipopewa njia, itajitafutia, kama mvuke wa githeri kwenye sufuria iliyofunikwa: itasukuma sili, itasukuma gasketi ya kava ya juu, hata dipstiki itachomoka. Magari ya zamani yalikuwa na bomba tu la kumwaga gesi hiyo barabarani. California ndiyo iliyolazimisha magari mapya ya mwaka 1961 kuirudisha gesi hiyo ndani ya injini ikaungue, na baadaye mtindo ukaenea kila mahali. Kwa hiyo anayekuelekezea paipu chini anakurudisha enzi za kabla ya hapo, na harufu ya oili utaivuta wewe mwenyewe ukiwa umekwama kwenye foleni, huku feni ikiiingiza ndani ya gari. Gesi hiyo hiyo pia huacha utando wa oili kwenye kila kitu kilicho chini ya boneti, na vumbi letu hulipenda sana jambo hilo.

Kwenye injini isiyo na turbo, kifaa hiki ni valvu ndogo yenye springi. Kwenye injini ya turbo mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, wakati mwingine inavuta na wakati mwingine inasukuma. Ukienda polepole, gesi inavutwa na manifoldi. Ukikanyaga na turbo ikaanza kujaza hewa, valvu ya njia moja lazima ifunge upande huo, na gesi ipitie paipu nyingine hadi kwenye mdomo wa turbo. Katikati yake kuna utando wa mpira unaohakikisha kwamba mvuto unaofika kwenye sampu ni mdogo tu. Mpira huo unaishi kwenye joto na mvuke wa oili miaka yote. Hatimaye hukauka, kisha huchanika.

Mfano ninaoujua vizuri ni injini ya EA888 ya kundi la Volkswagen na Audi, ile ya lita 1.8 na 2.0 yenye turbo ambayo imejaa mjini kwenye Passat, Golf GTI, Tiguan na A4. Valvu yake inakaa juu ya kava, unaiona mara tu unapotoa kava ya plastiki ya urembo. Namba yake inaanza na 06H 103 495, halafu zinafuata herufi. Herufi hizo ndizo nataka uzitazame. Kiwanda kimeirekebisha spea hii mara nyingi, na kila marekebisho hupewa herufi yake. Zikiisha moja moja, huanza mbili mbili, ndiyo maana yenye herufi mbili mwishoni kwa kawaida ni ya karibuni kuliko yenye moja. Nasema kwa kawaida kwa sababu herufi tofauti pia inaweza kumaanisha injini tofauti au soko tofauti. Usinunue kwa kukisia alfabeti. Chukua namba ya chesisi, mpe muuzaji mwenye katalogi ya kampuni, umuulize swali moja tu: namba hii imebadilishwa na namba gani? Katalogi itakuonyesha mnyororo mzima hadi ile inayouzwa leo.

Jambo hili linatuhusu sisi zaidi kuliko watu wa huko yanakotengenezwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na wengi hununua lililokaribia kikomo hicho kwa sababu ya bei. Basi gari linashuka Mombasa likiwa na miaka saba hivi, na pengine lina valvu ile ile lililotoka nayo kiwandani, yenye herufi ya kwanzakwanza. Mwenye gari lile kule Japani au Uingereza aliliuza kabla mpira haujachanika. Utakuchanikia wewe Thika Road.

Utajuaje kama umechanika? Washa injini ipate joto, gari likiwa limesimama, usikanyage mafuta. Ukisikia mluzi mwembamba kutoka juu ya injini, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kikiwa kimenasa kana kwamba kuna mtu anakivuta kutoka ndani, na mluzi ukakoma mara tu kinapofunguka, utando umepasuka. Hewa inaingia kupitia tundu dogo la valvu na manifoldi inaivuta sampu kupita kiasi. Njia nyingine ninayoipenda ni glavu nyembamba ya mpira, ya zile za kliniki. Ivalishe mdomo wa kujazia oili. Ikizama kidogo, injini inapumua vizuri. Ikivimba ikasimama kama mkono unaosimamisha matatu (samahani, lakini ndivyo inavyoonekana), kuna presha ndani, na hapo sababu inaweza kuwa valvu iliyoziba au ringi zilizochoka. Mashine ya kusomea nayo itakupa namba kama P0171, P2187 au P0507, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, au injini inazunguka kasi kuliko inavyotakiwa gari likiwa limesimama. Mafundi wengi wakiona P0171 hukimbilia sensa ya hewa. Sensa hiyo si rahisi kwa bei, kwa hiyo tafadhali jaribu glavu kwanza.

Kuna ushauri mmoja wa vitabu ambao hapa kwetu unapotosha. Wakipima mvuto wa manifoldi kwa geji, huandika kwamba injini nyingi zisizo na hitilafu, zikiwa zinaunguruma gari likiwa limesimama, huonyesha inchi 18 hadi 22 za zebaki. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na unapoteza takriban inchi moja kila unapopanda mita 300. Toa kama 5 au 6. Geji ikisoma 14 ukiwa Westlands, usikubali kuambiwa injini imekufa.

Sasa kununua. Ukishuka Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunakuita Grogan, utaonyeshwa spea za aina tatu. Kuna iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, kuna mpya ya kampuni nyingine, na kuna mpya yenye alama ya kiwanda. Ile iliyotumika sahau. Taa ya mitumba au mlango wa mitumba ni sawa, lakini hapa unanunua mpira, na mpira huo umeshazeeka kama wako. Ile ya kampuni nyingine inategemea, ila nyingi zimenakili muundo wa zamani, na unaweza kulipa pesa ili upate tena udhaifu ambao kiwanda kimeshauacha. Kwenye yenye alama ya kiwanda, fungua boksi kabla ya kulipa. Namba iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe ilingane na ya stika, pamoja na herufi. Niliwahi kuuziwa boksi lenye herufi mpya na ndani mna plastiki iliyokwanguliwa pale namba inapokaa. Muuzaji akasema hivyo ndivyo zinavyokuja. Haziji hivyo popote.

Kuifunga si kazi kubwa. Bolti za nyota T30, paipu ya kwenda kwenye turbo, klampu, basi. Fanya injini ikiwa baridi. Ukishaifungua, funika matundu kwa kitambaa kisafi, maana bolti ikitumbukia hapo utaikumbuka. Futa sehemu ya gasketi bila kutumia bisibisi ya chuma, kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, na ukaze kwa kiasi, kwani hakuna presha kubwa hapo ya kukufanya utumie nguvu za kukazia nati za gurudumu. Na paipu ya nyuma inayoelekea kwenye turbo itazame kwa tochi ukiwa hapo hapo. Ikiwa plastiki yake imekuwa ngumu na inalia ukiibonyeza, ibadilishe pia, vinginevyo itakatika wiki ambayo umeshamlipa fundi. Halafu futa misimbo kwenye mashine, endesha siku kadhaa, usome tena marekebisho ya petroli ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta ya injini inaongeza au kupunguza petroli. Kama yalikuwa yamepanda juu ya asilimia 10, yanapaswa kurudi karibu na sifuri.

Mpangilio wa kazi pia una maana. Sili ya nyuma ya krankishafti ikivuja kwenye injini hizi, fundi atataka kushusha gia boksi mara moja, na ile ndiyo gharama halisi. Badilisha valvu kwanza. Si kwamba sili iliyokauka itapona, la. Ni kwamba sili mpya ikiwekwa kwenye injini yenye valvu mbovu itapitia mateso yale yale, na gia boksi itashuka tena kwa pesa zako.

Na usitarajie miujiza. Baadhi ya EA888 za miaka ya nyuma zinakula oili kwa sababu ya ringi zenyewe, na hakuna valvu itakayoponya hilo. Kabla ya kununua chochote pima kompresheni, na kama fundi wako ana kifaa cha kupima uvujaji wa silinda, bora zaidi. Vilevile uchafu mweusi unaoganda nyuma ya valvu za kuingizia hewa kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hautaondoka kwa valvu mpya ya PCV. Petroli haipiti pale kuusafisha. Ule unakwanguliwa au unapigwa kwa maganda ya jozi yaliyosagwa.

Marekebisho ya kiwanda nayo si yote yanayokuhusu. BMW zenye injini ya M54, kama E46 na E39, zilitengenezewa valvu na paipu zilizovikwa sponji kwa ajili ya nchi za baridi, kwa sababu kule maji yaliyomo kwenye paipu hugeuka barafu na kuziba njia. Kuna watu hapa wanaiagiza hiyo kwa fahari. Nairobi ya Julai ina baridi, lakini si ya kugandisha paipu iliyo chini ya manifoldi ya injini iliyowaka, na lile sponji linabana nafasi ambayo tayari ni finyu kama kichochoro cha River Road. Chukua ya kawaida, mpya. Ukiona ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, kwa kawaida ni safari fupi fupi zisizoipa injini muda wa kupata joto. Ipeleke Naivasha na kurudi kwanza, kabla ya kuwaza kwamba gasketi ya hedi imeungua.

Wenye Subaru XV, ninyi liangalieni hili kwa uzito. Mwaka 2019 Subaru iliyaita magari yake huko Marekani yarudishwe kurekebishwa, Impreza na Crosstrek, ambayo ndiyo XV, kwa sababu valvu ya PCV ingeweza kuachana, vipande vyake vikaingia kwenye injini. Peleka namba ya chesisi kwa wakala uulize kama lako linahusika na kama limeshabadilishiwa.

Na mwenye Fielder, Vitz au Probox hana haja ya haya yote. Ya kwenu ni valvu ndogo ya kufungua kwa spana, bei yake ni ya chini, na hakuna kitu cha kuiboresha. Itoe, itikise. Isipolia, nunua nyingine. Ikilia, puliza kwa bomba safi la mpira upande wa injini, hewa ipite bila shida, kisha upande wa manifoldi, ipite kwa taabu. Ikipita vizuri pande zote mbili, nunua nyingine pia.