Kaka amefungwa ugenini: asubiri mabadilishano ya wafungwa au aombe kumalizia kifungo nyumbani?

SWALI: Wakili, salaam. Kaka yangu amehukumiwa kifungo cha miaka 9 katika nchi ya kigeni, na rufaa yake bado haijasikilizwa. Kila tukisikia kwamba nchi fulani zimebadilishana wafungwa tunapata matumaini. Je, familia ina haki ya kuomba naye aingizwe kwenye mabadilishano kama hayo? Akirudi, hukumu inafutika au anaendelea na kifungo? Wakili wake wa kule anamshauri aondoe rufaa ili arudishwe haraka. Jambo jingine: miaka ya nyuma alichukua uraia wa nchi hiyo, ila hakuukana wa kwetu.

JIBU: Pole sana, wewe na familia yote. Naanza na rufaa, kwa sababu ikishaondolewa ni vigumu mno kuirudisha. Kaka yako asiiondoe mpaka mjue, kwa maandishi, atarudishwa kwa njia gani. Njia ziko mbili, na nadhani wakili wake anazungumzia moja huku ninyi mkiwaza nyingine.

Ya kwanza ni hiyo mnayoisikia kwenye habari. Serikali hukubaliana: mwachieni wetu, nasi tumwachie wenu. Hakuna fomu ya kujaza, na mtu wenu akiachwa nje ya orodha hakuna mahakama ya kulalamikia. Ni uamuzi wa kisiasa mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1957 wakili James Donovan alipomtetea Rudolf Abel, jasusi wa Kisovieti, alimsihi jaji asimhukumu kifo kwa kuwa huenda siku moja Marekani ikahitaji mtu wa kumtoa ili impate wake. Abel akapewa miaka 30. Tarehe 10 Februari 1962, kwenye daraja la Glienicke kati ya Berlin Magharibi na Potsdam, alivushwa upande mmoja na rubani Mmarekani Francis Gary Powers, aliyeshikiliwa na Wasovieti, akavushwa upande wa pili. Sisi mawakili tunaikumbuka kesi hiyo kwa sababu Donovan alikwishaona kwamba katika njia hii thamani ya mfungwa hupimwa kwa jinsi upande wa pili unavyomhitaji, wala si kwa uzito wa ushahidi.

Hali ni hiyo hiyo hadi leo. Tarehe 1 Agosti 2024, mjini Ankara, Uturuki, katika mabadilishano kati ya Urusi na nchi za Magharibi, waliachiwa watu 24 waliotoka katika magereza ya nchi 7. Ili mwandishi wa habari Mmarekani Evan Gershkovich na wenzake 15 watoke, Ujerumani ilibidi imwachie Mrusi Vadim Krasikov, aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa kuua mtu katika bustani mjini Berlin mwaka 2019. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni gumu lakini halikwepeki: je, serikali yenu, au rafiki yake wa karibu, inamshikilia mtu ambaye nchi ile inamtaka kweli? Kama hakuna, mabadilishano hayatamfikia kaka yako hata angekuwa hana hatia kabisa. Na hata akiwepo mtu wa kutoa, bado foleni ni ndefu. Paul Whelan alikamatwa Moscow Desemba 2018. Mwaka 2022 aliwaona Wamarekani wenzake wawili, Trevor Reed na Brittney Griner, wakibadilishwa kwa nyakati tofauti, yeye akabaki. Alitoka siku ile ya Ankara.

Kuomba mnaweza, haki hamna. Marekani ina sheria ya Desemba 2020, iliyopewa jina la Robert Levinson, yenye vigezo 11 vya kumtambua raia aliyeshikiliwa kwa dhuluma ugenini. Akitambuliwa, jalada lake linahamia kwa mjumbe maalumu wa rais wa masuala ya mateka. Marc Fogel, mwalimu aliyehukumiwa Urusi miaka 14 kwa kukutwa na bangi, aliachwa nje ya mabadilishano yale ya Agosti 2024. Hadhi hiyo alikuja kuipata baadaye, na Februari 2025 akarudi kwao. Nchi nyingi hazina sheria ya namna hiyo, hivyo familia hubaki kupiga hodi wizara ya mambo ya nje bila kujua nani anashika jalada. Hilo linaniuma, na natamani wabunge walitazame.

(Wafungwa wa kivita wana sheria yao, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaotaka warudishwe bila kuchelewa mapigano yakikoma. Kaka yako hayumo humo.)

Njia ya pili haitangazwi, lakini kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la kawaida ndiyo yenye matumaini zaidi: kuhamishwa ili amalizie kifungo katika nchi ya uraia wake. Mkataba mkubwa ni ule wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1983. Una nchi wanachama zaidi ya 60, zikiwamo zisizo za Ulaya kama Marekani, Kanada na India. Nje ya huo ipo mikataba mingi ya nchi mbili mbili, nayo hufuata mantiki inayofanana. Mfungwa awe raia wa nchi inayompokea. Awe amebakiza angalau miezi 6 ombi linapopokelewa. Mwenyewe aridhie. Kosa lake liwe ni kosa pia katika nchi ya nyumbani. Serikali zote mbili zikubali, na yoyote kati yake inaweza kukataa. Kisha lipo sharti linalowagusa ninyi moja kwa moja: hukumu iwe ya mwisho, maana yake pasiwe na rufaa inayosubiri.

Basi wakili wa kule hakudanganya. Wasiwasi wangu ni kama alimweleza kaka yako kinachofuata. Kwa mkataba wa Strasbourg, mfungwa akishahamishwa, ni nchi iliyomhukumu peke yake yenye mamlaka ya kuipitia upya hukumu. Mahakama ya nyumbani inaweza kulinganisha adhabu na sheria zake, bila kuiongeza ukali na kwa kuhesabu muda aliokwisha kukaa gerezani. Haiwezi kuuliza kama kweli alitenda kosa. Kwa hiyo kama rufaa ina hoja nzito, mathalani alihojiwa bila mkalimani au alitia saini maelezo kwa lugha asiyoijua, kuiondoa ni kuikubali hatia hiyo kwa maisha yake yote. Mtu aliyebakiza mwaka na nusu anaweza kuona ni afadhali arudi. Mwenye miaka 9 na hoja nzuri nisingemshauri hivyo kabla nchi zote mbili hazijaonyesha kwamba ombi litapokelewa.

Hukumu kufutika? Kwa kuhamishwa, haifutiki. Anaendelea na kifungo, ingawa nchi yoyote kati ya hizo mbili inaweza kumsamehe. Kwa mabadilishano inategemea hati iliyotumika kumtoa. Gershkovich alipewa msamaha wa rais. Vladimir Kara-Murza, mpinzani wa serikali ya Urusi aliyetoka siku hiyo hiyo, amesema alikataa kutia saini ombi la msamaha kwa sababu hakutaka kukiri kosa asilolitenda, na bado akatolewa. Kwa Krasikov, Ujerumani haikufuta kitu: ilisimamisha utekelezaji wa adhabu na kumfukuza nchini, ili akikanyaga tena huko arudishwe gerezani. Katika nchi nyingi msamaha huondoa adhabu tu, na kumbukumbu ya kutiwa hatiani hubaki, jambo linaloweza kumsumbua akiomba viza au kazi.

Sasa uraia, ambao mmeutaja mwishoni ilhali unaweza kuwa ndio mzigo mkubwa kuliko yote. Kuna nchi ambazo sheria zake humvua mtu uraia papo hapo anapochukua wa nchi nyingine, hata kama hakuukana kwa mdomo. Kama sheria ya kwenu ilikuwa hivyo siku alipochukua ule wa pili, sharti la kwanza la kuhamishwa limekwisha kuvunjika, na mnapaswa kuanza kwa kuomba arejeshewe uraia. Hata kama bado anao wote, ubalozi unaweza kuzuiwa kumwona. Mkataba wa The Hague wa 1930 unasema nchi haiwezi kumlinda kidiplomasia raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo mtu huyo pia ana uraia wake. Iran hutumia hoja hiyo mara kwa mara: haiutambui uraia pacha, hivyo wafungwa wa aina hiyo huhesabiwa kuwa Wairani tu.

Ombeni vilevile mawasiliano ya ubalozi kwa kutumia Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963. Kinawapa maofisa wa ubalozi haki ya kumtembelea mfungwa, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Wenye gereza wanapaswa kumwarifu haki hiyo bila kuchelewa, lakini taarifa hufika ubalozini pale anapotaka mwenyewe, kwa hiyo kaka yako aiombe kwa maandishi na abaki na nakala. Ofisa akimfikia, aulizwe mambo matatu: kama upo mkataba wa kuhamisha wafungwa kati ya nchi hizo mbili, wizara gani nyumbani inapokea maombi, na kama gereza litatoa hati ya muda aliokwisha kutumikia, ukiwamo ule wa mahabusu. Hati hiyo iombwe mapema, maana ndiyo inayoonyesha amebakiza miezi mingapi, na bila hiyo jalada hukwama mezani hata pale ambapo pande zote mbili zimekubali.