Kokoto nimeweka, mbona mishubiri imeoza?

SWALI: Tulipokarabati bafu nilibaki na hodhi la kuogea la chuma lenye enameli, sinki la kunawia mikono na choo cha kukaa. Vyote nimevigeuza vyombo vya kupandia. Chini niliweka kokoto nyingi, juu yake mkaa, kisha udongo. Sasa mawaridi ya kwenye hodhi yamekuwa ya njano, mishubiri ya kwenye sinki imeoza shinani, na choo kinanuka na kimejaa mbu. Nimeshauriwa niongeze kokoto na ninunue dawa ya mizizi. Dawa ipi ni nzuri? Na je, baadaye naweza kupanda mboga kwenye hodhi?

JIBU: Dawa usinunue. Kokoto usiongeze, zitoe.

Ndugu yangu, usinione mkali. Swali hili hunifikia kila msimu, leo limevaa sinki, jana lilivaa ndoo, juzi tairi. Na kila mara mwenye mmea anatangulia kuniambia "kokoto nimeweka", kama mtu anayekuhakikishia kwamba mlango ameufunga kwa ufunguo. Imani hii inanichosha kuliko zote kwa sababu ina sura ya akili: kokoto zina uwazi mkubwa, maji hupita penye uwazi, basi maji yatashuka. Hayashuki.

Udongo hushika maji kama utambi unavyoshika mafuta. Vijia vidogo baina ya chembe zake vinayavuta na kuyang'ang'ania, ilhali uwazi mkubwa wa kokoto hauna mvuto huo. Kwa hiyo maji yakifika mahali udongo unapokutana na kokoto, yanasimama. Yatavuka tu pale udongo wa juu utakaposhiba kabisa, usiweze kubeba hata tone. Mwaka 1959 mwanasayansi wa udongo Walter Gardner, wa Washington State huko Marekani, alilionyesha jambo hili kwenye filamu, udongo ukiwa nyuma ya kioo: maji yanateremka, yanafika kwenye tabaka la chembe kubwa, yanagoma, yanaanza kutambaa pembeni. Hiyo ni miaka mingi sasa, na bado watu wanauziana kokoto.

Kama huniamini, nenda jikoni. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, iloweke mpaka ishibe. Ishike juu ya beseni ikiwa imelala bapa na usubiri iache kudondosha. Halafu, bila kuiminya, isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale, kilichobadilika ni kimo. Sponji iliyosimama hujikamua kwa uzito wa maji yake, iliyolala hubaki chepechepe. Udongo wako ni sponji, na kila kiganja cha kokoto unachotia chini kinaifupisha.

Tuseme sinki lako lina kina cha sentimita 15, na udongo uliotumia, hata ukishamaliza kuchuruzika, hubaki umejaa maji kwa sentimita 5 za chini. Bila kokoto, mizizi ina sentimita 10 za kupumua. Weka kokoto za sentimita 5, na yale maji hayashuki nazo, yanapanda kukaa juu yake. Mizizi imebakiwa na sentimita 5. Umetumia jasho na kokoto kulisogeza tope karibu na mmea.

Ng'oa mshubiri mmoja uutazame. Shina la chini litakuwa laini, linang'aa kama kitunguu kilichochemshwa, na ukilibonyeza ngozi inavuka. Mizizi ilikosa hewa kwanza, vimelea vya kuozesha vikaja baadaye kula kilichokwisha kudhoofika. Ukimwaga dawa ya fangasi kwenye tope, huenda ukapumua wiki mbili, kisha vitarudi kwa kuwa tope lipo palepale. Ndiyo maana aliyekutajia dawa kabla ya kukuuliza habari za tundu simwiti mshauri. Huyo ni mchuuzi. Njano ya mawaridi nayo ni hadithi ileile: mzizi usiopumua haunyonyi chakula hata kikiwa kimemzunguka, na ukiongeza mbolea unaongeza chumvi tu.

Mkaa? Haudhuru sana, haufaidishi sana. Vipande vikubwa ni kokoto nyeusi.

Kinachotoa maji ni tundu lililoko mahali pa chini kabisa, pamoja na udongo wa aina moja kutoka juu hadi hapo kwenye tundu. Juu ya tundu weka kipande cha wavu wa dirisha ili udongo usitoroke, basi. Udongo mtupu wa shambani hushikamana ndani ya chombo ukawa tofali, kwa hiyo uchanganye na mboji iliyoiva na kitu cha kuupa hewa, kama nyuzi za makumbi au pumisi, yale mawe mepesi ya volkano. Kwa mishubiri, zidisha hicho cha kuupa hewa.

Hodhi lina mtego wake. Sakafu yake imeundwa imeinamia tundu la kutolea maji, lakini mwinamo huo ni mdogo. Ukiliweka bustanini juu ya matofali yasiyo sawa, huenda sasa linainamia kichwani, na dimbwi linakaa upande usio na tundu. Tumia pimamaji, au mwaga ndoo moja ya maji hodhi likiwa tupu uone yanakokwenda. Fanya hivyo kabla ya kujaza, maana lita moja ya udongo uliolowa inaweza kufika kilo moja na nusu au zaidi. Hodhi la lita 150 litakuwa na zaidi ya kilo 200 za udongo, bado hujahesabu chuma chenyewe. Hutalisogeza tena, na mahali pake si kwenye kibaraza cha ghorofani.

Choo ndicho kinachonichekesha, maana watu hushangaa kinatuamisha maji. Kiliundwa kutuamisha maji! Ule mkunjo wa shingoni upo ili maji yabaki yazuie harufu ya bomba la maji taka. Ukijaza udongo bila kutoboa, maji yatapanda hadi kwenye ukingo wa mkunjo ndipo yamwagike. Chini ya hapo ni kinamasi, na kwa upande wa pili wa mkunjo umewajengea mbu nyumba. Aedes, yule anayeeneza dengi, hupenda hasa vyombo vidogo vya namna hii, na kwenye joto anaweza kutoka yai hadi mbu kamili kwa siku 7 hadi 10.

Toboa sehemu ya chini kabisa ya bakuli, na shingo nayo uitoboe mahali inaposhika maji. Tumia biti ya almasi, drili iende polepole, ule mpigo wa nyundo uwe umezimwa, na maji yawe yanadondokea kwenye biti ili isichemke. Anayekuambia upige msumari na nyundo hajawahi kuokota kauri iliyopasuka. Inakata kama wembe, na kidole gumba changu cha kushoto kina kovu la kuthibitisha. Kama tangi la choo lako lipo bado, hilo ndilo ningelipanda kwanza: lina tundu chini tayari, na ni refu. Kumbuka sponji iliyosimama.

Wakati wa kusafisha choo, usichanganye asidi ya kuondolea ukoko na dawa ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huumiza mapafu.

Sasa mboga kwenye hodhi. Hapana. Enameli za zamani nyingi zilitengenezwa zikiwa na madini ya risasi, na rangi ya nje ya mahodhi ya zamani vilevile. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978 tu. Enameli ikiwa nzima imeyafunga madini hayo. Ikishachakaa, ukiishika ikakwaruza kama chokaa, hayo madini hupata njia ya kutoka, na udongo wenye uchachu huyafungulia zaidi. Mboga za majani na za mizizi ndizo zenye hatari kubwa, kwanza kwa udongo unaozigandia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Hapa ndipo mabingwa wa njia za mkato wanapojitokeza tena: "Piga msasa ndani, pakaa rangi mbili, umemaliza." Msasa mkavu kwenye enameli yenye risasi unageuza madini yaliyolala kuwa vumbi la kuvuta puani, na rangi iliyofukiwa kwenye udongo mbichi hubanduka. Nimeona watu wakifanya hivyo mtoto akichezea hatua mbili pembeni, kisha jioni wanafagia lile vumbi kwa ufagio. Usikwangue, usipige msasa, usitoboe enameli ili kuongeza mashimo. Hilo tundu moja, likiwa upande wa chini, linatosha. Panda maua, na mboga zitafutie chombo kingine.

Mawaridi yahamishe leo, usingoje kumaliza kurekebisha hodhi. Mishubiri, kata juu ya sehemu iliyooza, pale shina linapobaki gumu na jeupe, liache likauke kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kifunge, ndipo upande upya. Choo kimwage, ukigeuze kifudifudi, kikae hivyo mpaka upate biti.